Zimefika Kwenye Uvimbe? Uchambuzi wa Seli za Kinga Zinazofuatiliwa

Tangu 2017 seli za kinga zilizobadilishwa vinasaba zimekuwa dawa halali ya baadhi ya saratani za damu na matezi huko Marekani. Hata hivyo, swali moja la msingi limebaki bila jibu la moja kwa moja: zikishaingia mshipani, zinakwenda wapi? Daktari humtundikia mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya matezi, mfuko mdogo wenye mamilioni ya seli, humpima homa asubuhi na jioni, humtoa damu, kisha baada ya wiki kadhaa humpiga picha kuona kama matezi yamenywea. Yakinywea, basi zilifika. Yasiponywea, daktari anabaki na dhana tatu. Huenda hazikufika. Huenda zilifika zikachoka. Huenda zilifika na nguvu zake zote, zikakuta saratani imeshaivua ile alama ambayo seli hizo ziliandaliwa kuitambua. Kila dhana ina tiba yake, na mgonjwa ambaye limfoma imemrudia hana muda wa kujaribiwa zote.

Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, aliyeagiza mzigo Guangzhou haridhiki kuambiwa kwamba meli imeng'oa nanga. Anataka kujua kontena liko bandari gani na limekwama kwa nani, kwa sababu hapo ndipo atajua ampigie simu wakala gani. Watafiti wa seli za kinga wanataka kitu hicho hicho, na njia waliyoipata inastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, hasa na sisi wa Dar es Salaam ambao hospitali zetu kubwa za limfoma ziko mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo.

Tuanze na seli yenyewe. Damu ya mgonjwa hupitishwa kwenye mashine inayobakiza chembe nyeupe na kumrudishia nyingine zote. Kutoka kwenye chembe hizo huchaguliwa seli T, ambazo kazi yake ya kila siku ni kuua seli zilizoambukizwa au kuharibika. Maabara huziamsha, kisha huziingizia jeni mpya kwa kutumia virusi vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana, mara nyingi vya ukoo mmoja na VVU. Jeni hiyo huifanya seli T iote juu ya utando wake kipokezi kinachoshika CD19, protini inayokaa juu ya seli B, zilizo nzima na zilizogeuka limfoma. Hapo ndipo zinapata jina la CAR-T. Hukuzwa, hupimwa kama hazina vijidudu, hugandishwa, halafu hurudishwa kwa mwenyewe. Kabla ya kurudishwa, mgonjwa hupewa kemo ya siku chache, kwa kawaida fludarabini na saiklofosfamaidi, ili seli zake za zamani zipungue na hizi mpya zipate nafasi ya kuzaliana.

Kuzaliana ndiko kunakoitenganisha dawa hii na vidonge au dripu tulizozizoea. Dozi inayoingia mwilini siyo dozi itakayofanya kazi. Seli zikikutana na CD19 hugawanyika mara nyingi, na wakati mwingine hufanya hivyo kwa kasi inayohatarisha maisha. Emily Whitehead, mtoto wa kwanza kupewa seli hizi, alitibiwa Philadelphia mwaka 2012 na kundi linaloshirikiana na Profesa Carl June. Alipata homa kali, shinikizo lake la damu likaporomoka, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Aliokolewa na tosilizumabu, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi yabisi, ambayo huzuia kazi ya kemikali moja ya kinga mwilini. Homa ile ilionyesha kwamba seli ziko kazini. Haikuonyesha ziko kwenye kiungo gani.

Njia ya kwanza ya kuzifuatilia seli ilikuwa kuzipaka mionzi kabla ya kuzirudisha. Madaktari wamekuwa wakipaka chembe nyeupe za damu kwa indiamu-111 tangu miaka ya 1970 ili kutafuta majipu yaliyojificha. Kwa seli za CAR-T njia hiyo ina kasoro tatu kubwa. Seli ikigawanyika, kila mtoto hurithi nusu ya rangi, na baada ya mizunguko michache hakuna kinachoonekana. Tena seli ikifa, mionzi hubaki pale ilipofia au humezwa na seli nyingine, na picha humwonyesha daktari jeshi ambalo halipo. Halafu indiamu-111 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku 2.8, wakati mambo ya maana katika tiba hii hutokea wiki ya kwanza, ya pili na hata baada ya hapo.

Kwa hiyo wataalamu walibadili mkakati: badala ya kuipaka seli rangi, waliifundisha itengeneze alama yake yenyewe. Pamoja na jeni ya kipokezi, huingizwa jeni ya pili inayotengeneza protini ambayo dawa maalumu ya mionzi huishika. Seli ikigawanyika, watoto wake nao huzaliwa na alama. Ikifa, alama hufa nayo. Daktari anaweza kumchoma mgonjwa dawa ya mionzi leo, akampiga picha, akarudia baada ya wiki mbili, na kila picha itaonyesha seli zilizo hai siku hiyo.

Mwaka 2009 kundi la Profesa Sanjiv Gambhir wa Stanford, pamoja na hospitali ya City of Hope ya California, lilichapisha taarifa ya mgonjwa mmoja wa saratani ya ubongo aliyepewa seli za namna hii na zikaonekana kwa PET, picha inayoonyesha dawa ya mionzi ilipo mwilini. Alama yao ilikuwa kimeng'enya cha virusi vya malengelenge. Mwaka 2017 walichapisha matokeo ya wagonjwa saba. Ulikuwa ushahidi wa kwanza kwa binadamu, na ulikuwa na faida ya ziada: seli zenye kimeng'enya hicho zinaweza kuuawa kwa gansikloviri, dawa ya kawaida ya virusi, endapo zitaleta madhara. Udhaifu wake ni kwamba kimeng'enya cha virusi ni kitu kigeni. Mwili ukikigundua unaweza kuzishambulia seli zinazokibeba, na dawa ikafukuzwa kwa sababu ya alama iliyowekwa ili ionekane.

Hapo ndipo kazi ya Johns Hopkins, Baltimore, iliyochapishwa 2019 na kundi la Il Minn na Martin Pomper, inaponivutia zaidi. Walichagua alama ya binadamu, PSMA, protini inayopatikana kwa wingi kwenye saratani ya tezi dume. Waliikata mkia na kuifanyia mabadiliko madogo ili ikae juu ya seli bila kuingilia kazi yake, wakaiunganisha na kipokezi cha CD19. Uamuzi huo una akili ya kiuchumi pia. Dawa ya mionzi inayoitambua PSMA ilikuwa tayari inatengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa tezi dume, na Mei 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo. Hakuna aliyelazimika kubuni dawa mpya ya mionzi, kuipima usalama wake kuanzia sifuri na kuijengea kiwanda.

Katika panya waliopandikizwa leukemia ya seli B, picha ziliweza kuonyesha kundi dogo la seli 2,000 tu. Lakini matokeo ninayoyaona kuwa mazito kuliko hayo ni mengine: idadi ya seli za CAR-T kwenye damu na kwenye uboho haikulingana na idadi iliyokuwa ndani ya uvimbe. Hospitali zinazofuatilia seli hizi kwa kawaida huzihesabu kwenye damu, kwa sababu damu ndiyo rahisi kuichukua. Kama hesabu ya damu haisemi kweli kuhusu uvimbe, basi maamuzi mengi ya kitabibu yamekuwa yakitegemea kipimo kinachoangalia barabara na kusahau nyumba.

Jaribio la awamu ya kwanza kwa binadamu lina kazi finyu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Haliulizi kwanza kama dawa inaponya. Linauliza ni dozi gani mwili unaivumilia. Mpango wa kawaida huanza na wagonjwa watatu kwa dozi ya chini. Wakivuka salama, watatu wengine hupewa dozi ya juu yake. Mmoja akipata madhara makubwa, huongezwa watatu kwa dozi ile ile. Wawili wakipata, dozi hiyo huachwa. Ukiziongezea seli uwezo wa kuonekana, wagonjwa hao wachache wanakupa taarifa nyingi zaidi. Mgonjwa ambaye uvimbe haukunywea hahesabiki tena kama kushindwa tu. Picha yake inaonyesha kama seli zilibaki kwenye wengu, zilizunguka uvimbe bila kuingia, au zilijaa ndani yake na bado zikashindwa.

Kuna mipaka, na mchambuzi asiyeitaja anapotosha. Tezi za mate na za machozi, figo na kibofu hung'aa zenyewe kwenye picha za PSMA, hivyo limfoma iliyo karibu na figo itakuwa ngumu kusomwa. Picha lazima ichukuliwe pia kabla ya seli kurudishwa, ili daktari ajue mng'ao upi ulikuwepo tangu mwanzo. Jeni ya pili huchukua nafasi kwenye virusi vinavyobeba shehena, na shehena ikizidi, seli zinazofanikiwa kubadilika hupungua. Kila picha ni dozi ya mionzi kwa mtu ambaye ameshapewa mionzi na kemo za kutosha.

Sasa tuje nyumbani. Limfoma jijini hutibiwa hasa Muhimbili, Upanga, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, ndani ya majengo yaliyoanza kama hospitali ya Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ufukweni mwa bahari. Damu ya kuongezewa wagonjwa hutoka kwenye mpango wa taifa wa damu salama, ambao kituo chake cha Kanda ya Mashariki kiko Mchikichini, Ilala, jirani na Kariakoo. Serikali imewekeza Ocean Road kwenye PET na saiklotroni, mashine inayozalisha dawa za mionzi za muda mfupi. Muhimbili ilianza kupandikiza uboho mwaka 2021, kwa wagonjwa wa saratani ya uboho waliorudishiwa seli zao wenyewe. Kazi ya kukusanya seli za mgonjwa kwa mashine, kuzihifadhi kwenye baridi kali na kumlinda mtu asiye na kinga ndiyo nusu ya kwanza ya tiba ya CAR-T. Nusu hiyo Dar es Salaam imeshaigusa kwa mikono yake.

Nusu ya pili ndiyo ngumu. Florini-18, inayobeba picha za PSMA za aina ya Johns Hopkins, hupoteza nusu ya nguvu zake kila dakika 110. Dawa ikitoka ufukweni na gari likanasa kwenye foleni ya Mnazi Mmoja, kila saa inayopotea inakula karibu theluthi moja ya dozi. Kwa umbali wa Ocean Road na Upanga, kuiwahisha dawa kunawezekana kabisa, ikiwa mgonjwa atakuwa tayari kitandani dawa inapofika. Kwa Mbeya au Mwanza hakuwezekani kwa barabara. Mgonjwa itabidi aje Dar, alale kwa ndugu Magomeni au Buguruni, na ndugu huyo awe na uwezo wa kumlisha wiki kadhaa.

Halafu bei. Dawa ya CAR-T ya kwanza kuidhinishwa kwa limfoma ilitangazwa Marekani kwa dola 373,000 kwa mgonjwa mmoja, bila gharama za kulazwa. India, ambako Watanzania wengi wamekuwa wakienda kutibiwa, iliidhinisha ya kwake Oktoba 2023, iliyotokana na ushirikiano wa chuo cha teknolojia cha IIT Bombay na hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, kwa takriban dola 50,000. Punguzo hilo linaonyesha kwamba sehemu kubwa ya bei ya Marekani haitokani na biolojia. Bado ni fedha ambazo familia ya muuza nguo wa Kariakoo haiwezi kuzipata hata ikiuza fremu na bidhaa zote.

Kuna kikwazo kingine kisichotatuliwa na fedha. Limfoma ya watoto inayotawala ukanda wetu ni ya Burkitt, iliyoelezwa 1958 na daktari wa upasuaji Denis Burkitt wa Mulago, Kampala. Mwaka 1961 alisafiri na wenzake wawili kwa gari kuukuu kutoka Uganda kwenda kusini mwa Afrika, wakipitia Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi watoto huvimba taya na wapi hawavimbi. Ramani yao ililingana na maeneo ya joto na mvua, yenye malaria. Vipande vya uvimbe alivyovituma London ndivyo vilivyowawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kutangaza mwaka 1964 virusi tunavyoviita vya Epstein-Barr. Seli za Burkitt zina CD19, kwa hiyo kwa nadharia CAR-T inaziona. Lakini saratani hii ni miongoni mwa zinazokua haraka kuliko zote. Uvimbe unaweza kukaribia kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kutengeneza seli huchukua wiki mbili hadi tatu. Mtoto wa Rufiji aliyefika amechelewa hana wiki tatu.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kufuatilia inayotufaa leo ni ile iliyoanzia upande wa pili: kuifuatilia saratani yenyewe kwenye damu. Mradi wa AI-REAL, unaoongozwa na Profesa Anna Schuh wa Oxford pamoja na Chuo Kikuu cha Muhimbili na hospitali ya Lacor ya Gulu, Uganda, na ambao Daktari Clara Chamba wa Muhimbili ni mmoja wa watafiti wake, umechunguza kama sampuli ya damu inaweza kusaidia kugundua limfoma zinazohusiana na virusi vya Epstein-Barr. Kwa kawaida mgonjwa hukatwa kinyama, kinyama kinapelekwa patholojia, na wataalamu wa patholojia nchini ni wachache mno kwa idadi ya watu. Uvimbe ulio ndani kabisa ya tumbo unahitaji pia daktari wa upasuaji na chumba chake.

Njia yenyewe inategemea ukweli kwamba seli za saratani zinazokufa humwaga vipande vya DNA kwenye plazma, vifupi, vya herufi 160 hivi. Damu huchukuliwa kwenye chupa zenye kemikali inayozuia chembe nzima zisipasuke njiani na kuchafua sampuli, kwani zikipasuka, DNA yake humeza ile kidogo ya uvimbe. Plazma hutenganishwa, DNA husomwa, na watafiti hutafuta vitu viwili kwa pamoja: vinasaba vya virusi, na makosa ya saratani yenyewe, hasa jeni ya MYC iliyohamia mahali pasipo pake. Kutafuta virusi peke yake hakutoshi. Watoto wengi wanaoishi kwenye malaria hubeba virusi hivi kwenye damu bila saratani yoyote, na kipimo kinachowaita wote wagonjwa kingekuwa hatari. Ushahidi unatoka kwenye viwili hivyo vikikutana.

Msomaji makini atauliza: kama panya wa Baltimore walionyesha kwamba damu haisemi kweli kuhusu uvimbe, mbona Upanga wanaitegemea damu? Jibu ni kwamba wanahesabu vitu tofauti. Seli za CAR-T kwenye damu ni wasafiri ambao huenda hawajafika. Vipande vya DNA ya saratani vinatoka kwenye uvimbe wenyewe, popote ulipo, na vikipungua wiki baada ya wiki ya kemo, kinachovimwaga kinapungua. Picha inaonyesha mahali. Damu inaonyesha kiasi. Jaribio zuri la seli zinazofuatiliwa lingetumia zote mbili, na kipimo cha pili ndicho mikono ya Muhimbili inachojifunza sasa.

Hukumu yangu ni hii. Tusisubiri seli zinazong'aa zije kama zawadi iliyokamilika baada ya miaka 15. Majaribio makubwa yaliyofungulia njia tiba ya CAR-T kwa limfoma hayakuwapokea watu wenye VVU, na kundi hilo ni sehemu kubwa ya watu wazima wenye limfoma kali Afrika Mashariki. Dawa isiyojaribiwa kwao itafika hapa ikiwa na maonyo badala ya maelekezo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, zina madaraka ya kupitisha au kukataa majaribio ya kitabibu nchini. Ziyatumie kudai kwamba mdhamini anayetaka wagonjwa wetu alete pia mashine ya kusoma vinasaba itakayobaki, mafunzo ya mafundi wa mionzi wa Ocean Road, na utaratibu wa kuwahudumia wagonjwa kwa miaka 15 baada ya seli kuingizwa, muda ambao Marekani yenyewe huutaka kwa tiba za vinasaba za aina hii.

Na kwa mzazi anayesoma hapa, jambo moja lisilohitaji saiklotroni: mtoto mwenye uvimbe wa taya, jicho au tumbo unaokua siku hadi siku apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo, na kama dawa ya jino au ya minyoo haikusaidia kwa siku chache, ombeni rufaa. Katika nchi zenye uwezo zaidi ya asilimia 90 ya watoto wenye limfoma ya Burkitt hupona kwa kemo peke yake, na dawa nyingi za kemo hizo zipo Upanga leo.